Starehe, Mama

Jumatano iliyopita nilifanya jambo ambalo kwetu huwa linadai maelezo: nilikaa mgahawani mjini Arusha kuanzia saa saba kasorobo mchana mpaka saa tisa na nusu, siku ya kazi, bila semina, bila kikao cha harusi, bila mtu wa kunitafutia kiwanja. Nilikuwa nakula tu. Simu nilikuwa nimeizima, na mhariri wangu akisoma hapa atajua kwa nini hakunipata.

Niliyekula naye ni mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari. Sasa amestaafu, anaishi kwetu Maji ya Chai, anafuga kuku na bado anasahihisha maandishi ya watu hata asipoombwa. Nilimwalika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni deni: vitabu vya kwanza vya riwaya nilivyowahi kusoma vilitoka kwenye kabati lake, na viwili sijavirudisha hadi leo. Ya pili ni kazi. Nilikuwa na makala ya hapa, imekwama wiki tatu, kuhusu chakula cha mchana katika fasihi ya Kiswahili. Nilitaka mtu wa kuitafuna. Makala yenyewe ndiyo hii mnayosoma, ila si ile niliyokwenda nayo mezani.

Dai langu lilikuwa hivi: fasihi yetu inaijua njaa, inaijua karamu, inaijua chai, na pombe inaijua kupita kiasi. Kitu isichokijua ni watu wawili kukaa mchana wa siku ya kazi, wakala polepole, wakazungumza, wakaondoka bila aliyeuawa, aliyetongozwa wala aliyesalitiwa. Chukua Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971. Ndani ya nyumba ya Zakaria kinachomaliza mali ni pombe, na sisi wasomaji tunakumbuka ulevi wake kuliko mlo wowote uliopikwa na Regina. Chukua Kuli ya Adam Shafi, 1979, kitabu cha mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja mwaka 1948. Pale chakula ni hesabu ya mshahara: unatosha au hautoshi. Njoo kwenye riwaya za upelelezi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, ni mtu wa mahoteli kwelikweli, lakini kwake hoteli ni mahali pa kuvizia na kuviziwa. Hakuna anayemaliza sahani kwa utulivu akijua yule wa meza ya kona ana bastola. Hata Shaaban Robert, mpole wa wapole, alipotaka kumpa mtu wake maisha mema alimtoa Utubora kwenye kazi ya ofisi akampeleka shambani. Hakumtafutia mgahawa mzuri mjini akamwambia kaa hapo.

Nilikuwa na hoja nyingine pia, ya maneno. Tazameni tunavyopaita pale pa kulia. Mgahawa una kahawa tumboni mwake. Gahawa ni matamshi ya zamani ya kinywaji kilekile, kwa hiyo neno lenyewe linakumbuka wanaume, vikombe vidogo na baraza, halikumbuki wali. Hoteli tuliichukua kwa Wazungu ikiwa na vitanda, sisi tukavitupa vitanda tukabakiza sahani, ndiyo maana mgeni akiambiwa kuna hoteli hapo mbele akafika na begi lake anakuta supu na chapati. Kisha kuna lililo letu kabisa, mama ntilie, ambalo si jina la mahali hata kidogo. Ni sentensi. Ni sauti ya mtu amesimama na sahani mkononi anasema nitilie, na ana haraka. Baadaye wakubwa wakaona halina heshima wakaleta mama lishe, neno zuri, limenyooka, lakini limepoteza ile sahani iliyonyooshwa. Katika yote matatu, nilitaka kusema, hakuna neno lililozaliwa likiwa limekaa chini.

Nilijiona nimepatia. Basi.

Mwalimu alinikuta nje, karibu na Mnara wa Saa, pale wanaposema ni katikati ya Cairo na Cape Town, na ambapo vijana wa kuuza ramani na vinyago hawakuachi upumue. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Nikamsalimu. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Umekonda. Ndiyo hayo magazeti?" Tukaingia.

Mgahawa sitautaja jina kwa sababu sikuja kuutangaza, na pia kwa sababu nitausema vibaya kidogo. Ni ule wa aina mpya mjini: mimea ya kuning'inia, viti vya mbao nzito, muziki wa kila mara unaodhani wateja ni viziwi. Arusha imejaa mahali pa namna hii, na si jambo la kushangaza. Mji huu umelishwa na wageni muda mrefu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa tangu 1995 mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015, na majaji na mawakili wao walihitaji kula mchana kama watu wengine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa. Watalii wanapita kwenda Serengeti na kurudi. Bill Clinton alipokuja Agosti 2000 kwenye mkataba wa amani ya Burundi akatufananisha na Geneva, na tangu hapo wenye mahoteli hawajatuacha tusahau. Matokeo yake ni kwamba chakula cha mchana cha polepole mjini Arusha kimekuwa chakula cha mgeni. Mwenyeji anakula usiku. Mahali petu maarufu kuliko pote, kwa Khan, mtaa wa Msikiti, mchana ni duka la vipuri vya magari na usiku ndiyo moto unawashwa kuku wanachomwa. Tunakula gari likishalala.

Kadi ya vyakula ilikuwa Kiingereza kitupu. Mwalimu akaivaa miwani, akaisoma mwanzo mpaka mwisho kama anavyosoma insha, kisha akaiweka chini. "Hii ndizi nyama wameieleza mistari minne," akasema. "Mwanafunzi akieleza ndizi nyama mistari minne ujue hajawahi kuila." Tukaagiza hiyo ndizi nyama, na makande, na chapati mbili ambazo baadaye tulizijutia.

Sasa nifanye kazi ya mhakiki, nisije nikaambiwa nimekula bure. Ndizi nyama ilikuwa nzuri. Ndizi zilikuwa mshale, zimeiva kwenye mchuzi bila kupondeka, nyama ina mfupa, na aliyepika hakuogopa kuiacha jikoni. Makande yalikuwa na nazi, kitu ambacho huku mlimani hatukifanyi, lakini sikuyachukia. Tatizo lake lilikuwa mahindi magumu, maganda yanabaki kwenye meno. Chapati zilikuwa za jana. Chai ya maziwa ilikuja kwenye kikombe cha udongo cha kupendeza, imepoa. Sahani moja ya ndizi shilingi 18,000. Soko la Kilombero, kwa mama ninayemjua, sahani ni 2,500 na chachandu bure, lakini ukimaliza unainuka, kwa sababu nyuma yako kuna mtu amesimama anatazama kisogo chako. Kwa hiyo ile 15,500 ya juu si ya ndizi. Ni kodi ya kiti. Nilikwenda pale kukodi kiti, na kwa kipimo hicho ndicho nitawahukumu: kijana wa kuhudumia alikuja mara tatu kutuuliza kama tumemaliza, na mara ya nne hakuuliza, akanyanyua sahani ya mwalimu. Mwalimu akaishika ukingoni. "Mwanangu, mfupa huo bado una kazi." Akauweka.

Lakini niseme lililotokea kabla ya hapo, sahani zilipofika. Mwalimu alinawa, akashika kijiko, kisha kabla hajala akageukia meza ya jirani, walipokuwa wamekaa wanaume wawili wenye vitambulisho vimening'inia shingoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karibuni chakula."

Mmoja, kijana, alitazama sahani yake, akatazama ya mwalimu, akanitazama mimi kama vile mimi ndiye mwenye mgonjwa. Yule mwingine, mtu mzima kidogo, akatua uma. Akainamisha kichwa. "Starehe, mama."

Nilisimamisha kijiko. Miaka mingapi sijalisikia neno hilo likitumika namna ile! Starehe, yaani usisumbuke kwa ajili yangu, kaa ulivyo, endelea na raha yako. Ni neno la adabu, la mtu anayeiona raha ya mwenzake na kuilinda. Mlangoni ukikuta watu wanataka kukuinukia unasema starehe, starehe, na wanabaki wamekaa. Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta wiki tatu, lililozaliwa likiwa limekaa chini, na lilikuwa meza ya pili.

Tumelifanya nini neno hili? Mtu wa starehe leo ni tusi. Ukisema fulani anapenda starehe umeshamfilisi na umeshampa ugonjwa. Kizazi changu kilijifunza hivyo kwa muziki: wimbo wa Ferooz unaoitwa Starehe, tukiwa wadogo, ulikuwa ni kilio cha mgonjwa wa UKIMWI kitandani, na walimu wakuu walituruhusu tuuimbe kwa sababu ulikuwa unatisha. Sina ugomvi na wimbo. Ulifanya kazi yake, pengine uliokoa watu. Ninachosema ni kwamba neno lilikwenda hospitali na halikurudi. Kwa Kiswahili cha sasa hatuna namna ya kusema mtu amestarehe bila msikilizaji kuuliza, kwa pesa ya nani?

Na si muziki peke yake. Siasa yetu pia haijawahi kuwa na raha na raha. Kutoka pale mezani ningeweza kutembea dakika chache nikafika makumbusho ya Azimio la Arusha. Ni andiko la 1967 ninaloliheshimu, tena naliheshimu kama nathari. Kiswahili chake hakina mafuta. Lakini kuna mahali linawakemea wanaume wa vijijini na wanawake wa mijini kwa muda wanaoupoteza kwenye maneno, ngoma na pombe. Ona walivyogawana. Wanaume vijijini, wanawake mijini. Nilipolisoma chuoni nililipita. Safari hii, mwanamke wa mjini, Jumatano saa nane mchana, mdomo umejaa ndizi na maneno, nilihisi limenikuta kazini. Miaka karibu hamsini baadaye tukapata Hapa Kazi Tu, na mwaka 2015 ile ile fedha za hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda vya Muhimbili. Nani atabishana na kitanda cha mgonjwa? Mimi sibishani. Ila nadhani mwandishi wa Kiswahili anayekaa kuandika tukio la watu wawili wanaokula taratibu anasikia nyuma yake mtu anahesabu vitanda.

Haya yote nilimweleza mwalimu. Nikamweleza pia kuhusu Frank O'Hara, Mmarekani aliyekuwa mfanyakazi wa jumba la sanaa za kisasa New York, akawa anatoka saa ya chakula cha mchana anazunguka mitaani na kuandika, mpaka mwaka 1964 mashairi yake yakatolewa kwenye kitabu kidogo San Francisco kwa jina la mashairi ya chakula cha mchana. Nikasema, unaona mwalimu, wenzetu wana kitabu kizima! Akasikiliza vizuri. "Alikuwa anakula na nani?" Nikasema mara nyingi peke yake, anatembea, anatazama watu, kisha anarudi kazini. "Masikini," akasema, na alimaanisha. Nimeusoma upya usiku ule na nakubaliana naye kuliko nilivyotaka. Ni mashairi matamu lakini yana saa mkononi. Mwenye njaa ndani yake ni macho.

Nikatoa silaha yangu ya mwisho, Peponi. Wengi wenu mmeisoma tangu Mkuki na Nyota waitoe 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah ya 1994. Nilikuwa nimempa mwalimu nakala mwaka jana. Nikasema, kama kuna chakula kilichoandikwa vizuri katika Kiswahili cha miaka hii ni kile cha mwanzo wa kitabu hiki, Aziz anapofika kwa wazazi wa Yusuf. Baba yake Yusuf mwenyewe ana hoteli, hoteli ya kwetu, ya chakula. Tajiri akija mapishi ya nyumba yanabadilika, harufu zinabadilika, na mtoto anazunguka akingoja masalio. Anaipenda ile siku! Msomaji naye anaipenda, mpaka anapogundua kwamba mgeni ni mdai, na kwamba mtoto mwenye hamu ya masalio ndiye atakayeondoka na mgeni kama rehani ya deni la baba. Mlo ule ulikuwa risiti. Nikamwambia mwalimu, hapo ndipo dai langu linapothibitika: hata Gurnah, mwenye tuzo ya Nobel, akitupa chakula kizuri cha nyumbani, chini ya sahani kuna deni.

Mwalimu alikuwa na ule mfupa. Aliumaliza. Akafuta vidole kimoja kimoja.

"Nani alipika?" akasema.

"Wapi?"

"Kwa kina Yusuf. Tajiri amekuja, mapishi yamebadilika. Nani alikuwa jikoni?"

"Mama yake."

"Sasa huyo mama umemtaja?"

Sikuwa nimemtaja. Nilikuwa na tajiri, na baba, na mtoto, na harufu.

"Nyinyi mnatafuta chakula cha mchana kwenye vitabu hamkioni," akasema, "mnadhani ni Azimio, mnadhani ni UKIMWI. Waliokuwa wanaandika walikuwa wanaitwa kuja kula. Chakula kinaanza saa nne, mwanangu. Huyo anayefika saa saba ataandika nini? Ataandika alipofika." Kisha, kwa upole wa mtu anayesahihisha mwanafunzi aliyekuwa anampenda: "Na kwetu hakianzi saa nne. Kinaanza jana."

Kwa wasiopajua, nieleze. Maji ya Chai ni mji mdogo kwenye barabara ya Moshi, ukitoka Arusha unapita Tengeru na Usa River, kisha sisi. Jina letu wageni hulipenda. Limetokana na mto ambao maji yake yana rangi ya chai ya rangi, na uzuri wa jina unaishia hapo. Maji yanayotoka Mlima Meru na miamba yake ya volkano yamebeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Vyanzo vyetu vingi vimepita hapo mara nyingi zaidi. Mtoto akiyanywa meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, yanaota na madoa ya kahawia, mengine yamelika. Wapo waliopinda miguu. Kwa hiyo maji ya kupikia ya mama wa Maji ya Chai yalikuwa ni safari: mvua ikiwepo unakinga, isipokuwepo unafuata mbali au unanunua ndoo. Jirani yetu, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichoma mifupa ya ng'ombe mpaka iwe mkaa, na mkaa huo ukiwekwa kwenye chujio unainasa floraidi. Mfupa una kazi kweli.

Basi mkinikuta nacheka nimeziba mdomo, si haya za kike. Ni meno. Watu wa kwetu mtatujua kwa mkono. Nilipomaliza chuo nilikwenda kituo kimoja cha televisheni kwenye usaili, nikasoma habari mbele ya kamera, na mama mmoja mwenye roho nzuri akanishika bega akasema sauti yako nzuri sana, umewahi kufikiria redio? Nikaenda kwenye magazeti, ambako hata sauti hawaitaki. Sijasikitika sana. Lakini kula mbele za watu mahali penye mwanga, polepole, kwa saa mbili na robo tatu, kwa mtu wa Maji ya Chai si jambo la wepesi, na sikuwahi kuliwaza hilo mpaka nilipomtazama mwalimu akila. Alipokuwa anazungumza na mimi mkono ulikuwa mezani. Kijana wa kuhudumia akikaribia, unapanda. Akiondoka, unashuka. Miaka sita alinifundisha amesimama mbele ya darasa na chaki mkono wa kulia na kitabu mkono wa kushoto, na kitabu kile kilikuwa kinafika mdomoni kila alipocheka. Nilidhani ni mbinu ya ualimu.

Alimwita kijana. Akaomba aonane na aliyepika. Kijana akaogopa, akauliza kama kuna tatizo. "Hakuna tatizo. Nataka kumsalimia." Ilichukua muda. Akatoka mama wa makamo, aproni ina madoa, anafuta mikono, uso umejiandaa kwa lawama, na kabla hajafika mezani akasema, "Samahani mama, ni makande?"

Maana naye alijua ni magumu! Mwalimu akasimama. Mle ndani hakuna aliyesimama kwa mpishi, watu waligeuka. Wakasalimiana, wakaulizana za kwao. Mpishi ni wa Ngaramtoni, upande wa pili wa mji. Mwalimu akamsifu ndizi, akamwambia nyama imetulia. Kisha akamuuliza taratibu kama makande hawayatii magadi. Mpishi akacheka. Magadi wamekatazwa, wageni wanalalamika tumbo. "Waache hivyohivyo," mwalimu akasema. "Yanalainisha mahindi lakini nayo yana floraidi. Sisi tuliyala na maji yale, tukapigwa huku na huku." Na akamwonyesha. Akavuta mdomo wa juu kwa kidole, kama mtu anayemwonyesha daktari, akamwonyesha mpishi meno yake. Yule mama akayatazama vizuri, bila haraka, akasema, "Mdogo wangu aliolewa Kikatiti. Watoto wake wako hivyo hivyo." Wakaendelea kuzungumza wamesimama, kuhusu kuchuja maji, kuhusu bei ya ndoo, mpaka kijana akaja kumkumbusha mpishi kwamba kuna oda.

Nilikaa pale nikifikiria makala yangu. Sidhani kama hoja yangu ya kwanza ni ya uongo. Bado naona Kiswahili kina pengo pale, na bado nataka mtu aandike riwaya ambayo sura nzima watu wanakula na hakuna kinacholipuka. Ila nilikuwa nimelitafuta pengo kwenye meza. Nilisema Zakaria anakunywa na sikusema Regina alipata wapi mboga. Nimewashutumu Kezilahabi na Shafi kwa kutoandika chakula cha mchana, halafu katika kurasa tano zangu mwenyewe, nilizokuwa nazo kwenye mkoba, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeshika mwiko. Nilipofika nyumbani nilifungua tena Vuta N'kuvute, safari hii si kwa ajili ya Yasmin na Denge kama nilivyozoea. Namfuata Mwajuma, mwenye chumba, mwenye mlango wazi. Nawashauri mfanye hivyo. Kitabu kinakuwa kingine.

Hesabu ilipokuja, imo kwenye kijitabu cha ngozi kana kwamba ni siri, niliivuta upande wangu. Mwalimu akaweka mkono juu yake.

"Umesema ulinialika kwa sababu una deni langu."

"Ndiyo mwalimu. Vitabu viwili."

"Kwa hiyo mimi ndiye Aziz."

Nilicheka mpaka mtu mzima wa meza ya jirani akageuka, na sikuwahi kupandisha mkono, nadhani kwa sababu mmoja ulikuwa umekamatwa na mwalimu. Akafungua kipochi, akahesabu nusu yake kwa noti za elfu mbili mbili. Pesa ya mpishi hakuiweka kwenye kijitabu. Aliikunja, akaenda nayo mwenyewe mpaka mlango wa jikoni.

Vitabu vyake anavitaka kabla ya Pasaka.